Florence Nightingale na Mwalimu Wake wa Kaiserswerth

Tunapokumbuka huduma ya diakonia, inafaa kumtaja Florence Nightingale, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika familia tajiri ya Kiingereza. Tangu ujana wake alisikia wito wa Mungu wa kuhudumu, lakini mama na dada yake walimpinga, maana siku zile uuguzi ulihesabiwa kuwa kazi ya watu duni.

Mwaka 1850 alizuru Kaiserswerth, Ujerumani, ambako Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha hospitali na nyumba ya mashemasi wa kike mwaka 1836. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 31, alirudi huko kama mwanafunzi. Fliedner alimpokea, naye akajifunza kwa miezi mitatu pamoja na mabinti wa wakulima.

Mwaka 1854 aliongoza wauguzi 38 kwenda Scutari kuwahudumia majeruhi wa Vita vya Krimea, na mwaka 1860 akafungua shule ya wauguzi London. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910.

Mlango aliofungiwa nyumbani, mchungaji wa mji mdogo alimfungulia. Usharika nao usimfungie mtu mzima anayetaka kurudi darasani ili awahudumie wagonjwa.