John Akii-Bua: Bingwa wa viunzi aliyelazimika kuikimbia nchi yake

Mkazi wa Kawempe anayeteremka mjini hadi Nakasero hukuta barabara iitwayo Akii-Bua. Vijana wengi huipita bila kumjua mwenye jina.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Disemba 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, kwa baba mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Alijiunga na polisi angali kijana. Kocha Mwingereza Malcolm Arnold ndiye aliyemhamisha kutoka viunzi vya mita 110 hadi vya mita 400. Mazoezi yake yalikuwa magumu kupita kiasi: alikimbia akiwa amevaa fulana ya uzito na kuruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo warukaji viunzi huichukia kwa ukali wa kona zake. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akimwacha nyuma David Hemery wa Uingereza, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya 48.12. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba. Lakini utawala huohuo ulikuwa ukiwaua Walango na Waacholi, na medali haikuwa ngao ya kutosha kwa mtu wa kabila lake. Mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Akii-Bua, akiwa na miaka 26 tu, hakupata kutetea taji lake. Edwin Moses wa Marekani alilitwaa na kuivunja rekodi yake.

Mwaka 1979, utawala wa Amin ukiporomoka, alivuka mpaka na familia yake akaishia katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomnasua na kumpa kazi Ujerumani Magharibi. Alikimbia tena Moscow mwaka 1980, ila hakufika fainali.

Baadaye alirejea nyumbani, akawa kocha katika polisi. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na miaka 47, mkewe akiwa amemtangulia, na akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London, kuipata dhahabu yake ya pili.