Izaak Walton: Mzee Mvuvi Aliyeipa Hoteli ya Embu Jina Lake

Msafiri anayefika mji wa Embu hakosi kusikia habari za hoteli iitwayo Izaak Walton Inn. Mara nyingi nimewauliza watu huyo Walton alikuwa nani. Mmoja atakujibu kuwa alikuwa D.C. wa zamani, mwingine atasema ni setla aliyeijenga hoteli. Kwa hakika, ndugu msomaji, bwana huyo hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja. Alifariki zaidi ya miaka 200 kabla ya serikali ya Waingereza kufungua boma lake Embu.

Walton alizaliwa Stafford, Uingereza, mwaka 1593. Baba yake alikuwa mwenye kilabu cha pombe, naye alikufa mtoto hajatimiza miaka minne. Ujanani Walton alikwenda London kufunzwa biashara, kisha akafungua duka lake katika mtaa wa Fleet Street. Hakusoma chuo kikuu, lakini kasisi wa parokia yake, mshairi mashuhuri John Donne, akawa rafiki yake. Donne alipofariki, ni huyu mwenye duka aliyeandika maisha yake, mwaka 1640.

Mwaka huohuo alifiwa na mkewe, Rachel. Walikuwa wamezaa watoto saba, na wote walikufa wakingali wadogo. Muda si muda vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia, na mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Walton alikuwa upande wa mfalme, yaani upande ulioshindwa.

Mtu mwingine angeandika kitabu cha uchungu. Yeye, mwaka 1653, alitoa The Compleat Angler, kitabu cha kuvua samaki kwa ndoana. Humo mvuvi na mwenzake hutembea kando ya mto Lea, kaskazini ya London, wakizungumza. Jioni huingia katika nyumba ya wageni, wakampa mama mwenye nyumba samaki awapikie. Walton hakuona haya kueleza mapishi. Samaki mkubwa aitwaye pike, kwa mfano, hujazwa chaza, siagi na majani ya kunukia, akabanikwa polepole huku akimwagiwa mvinyo. Tena mvuvi huyo hali peke yake: njiani anampa samaki mama mkamua maziwa, naye na bintiye wanamwimbia.

Jina lake lilifikaje Embu? Samaki aina ya trauti si wa asili ya mito yetu. Waliletwa na walowezi. Mwaka 1905 Grogan aliwatia katika mto Gura, huko Nyandarua, na baadaye wakaenezwa katika mito baridi ya Mlima Kenya. Rupingazi, unaopita Embu, ukawa mto wa wavuvi wa Kizungu. Wakahitaji mahali pa kulala na kula kwa kisu na uma, kama vile Meru walivyokuwa na Pig and Whistle. Ile ya Embu wakaibandika jina la mzee wao wa uvuvi.

Hapo ndipo ninapoona kichekesho kichungu. Wenyeji wengi wa huku zamani hawakuwa walaji wa samaki. Na katika zama za ukoloni, Mwafrika katika hoteli za Wazungu alikuwa mpishi au mbeba sinia, si mtu wa kuvutiwa kiti. Mtoto wa mwenye kilabu, aliyeandika juu ya meza ya wavuvi na wakamua maziwa, jina lake likapewa hoteli ya zama za ubaguzi wa aina hiyo. Kosa hilo halikuwa lake. Tangu uhuru, mwalimu wa Runyenjes au mkulima wa kahawa wa Meru huketi akaagiza akipendacho, mradi ana fedha.

Walton alioa tena, na watoto wawili wa ndoa hiyo walikua. Kitabu chake alikiongeza mara kwa mara hadi chapa ya tano, mwaka 1676. Alifariki Winchester tarehe 15 Desemba 1683, akiwa na miaka 90, akazikwa katika kanisa kuu la huko. Katika wasia wake hakuwasahau maskini wa Stafford, mji aliozaliwa: aliwaachia shamba lake ili mapato yake yawafae.