Edwin Link, fundi wa vinanda aliyefundisha marubani kupita ndani ya ukungu

Katika Kivu, Ituri na Tshopo, watu wengi wanapanda ndege si kwa starehe, ni juu ya barabara hazipitike. Na kila msafiri anajua ile dakika: ndege imeanza kushuka, dirishani ni mawingu meupe tu, mlima hauonekane, pisti haionekane. Watu wananyamaza. Rubani naye haoni kitu inje, lakini anaendelea kushuka akifuata vipimo vilivyo mbele yake. Kazi hiyo marubani wanaifunzwa kwanza chini, ndani ya mashini isiyoruka. Aliyeanzisha njia hiyo ni Mmarekani mmoja, Edwin Albert Link.

Link alizaliwa tarehe 26 mwezi wa saba 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Mwaka 1910 familia yake ilihamia Binghamton, jimbo la New York. Pale baba yake alinunua kiwanda cha vyombo vya muziki kilichokuwa kimefilisika, akaendelea kutengeneza piano na vinanda vikubwa vya upepo. Kijana Edwin alikomalia humo. Alijua mivukuto, pampu na mipira ya kupitisha hewa sawa vile mtoto wa mvuvi anavyojua nyavu.

Mwaka 1920 alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la kurusha ndege. Zilikuwa franga nyingi kwa wakati ule. Mwalimu alimpandisha juu, akageuza ndege kichwa chini miguu juu, kisha akamrudisha chini bila kumwachilia hata mara moja kushika usukani. Link hakuacha kujifunza, lakini wazo moja lilimkaa kichwani: kwa nini mtu asianze kujifunza akiwa chini, kwa bei ndogo, fasi ambayo kosa haliue?

Kati ya 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, alitengeneza jibu. Lilikuwa sanduku lenye umbo la ndege ndogo, na mabawa mafupi, likikalia mivukuto ya kinanda. Ukisukuma usukani upande mmoja, hewa inaingia katika mvukuto huu na kutoka katika ule, na sanduku linainama sawa na ndege ya kweli. Serikali ilimpa haki ya uvumbuzi mwaka 1931. Lakini jeshi halikuwa na haja nayo. Walioinunua zaidi ni wenye viwanja vya michezo, fasi watu walilipa sarafu ili wacheke kidogo.

Wakati huohuo marubani walikuwa wanakufa mawinguni, na sababu yake ni mwili wenyewe. Ndani ya sikio kuna maji yanayomwambia mtu kama amesimama wima ao ameinama. Ndege ikigeuka polepole ndani ya ukungu, yale maji yanazoea, na rubani anaapa kwamba anaenda moja kwa moja, kumbe anazunguka akishuka. Dawa ni moja: kuamini vipimo kuliko mwili. Mwaka 1929 rubani Jimmy Doolittle alipanda na kutua akiwa amefunikwa, bila kuona inje hata kidogo. Kwa hiyo ilijulikana kwamba inawezekana. Lakini nani angewafundisha wengine?

Mwezi wa pili 1934, Rais Roosevelt alikata mikataba ya kampuni zilizobeba barua kwa ndege, akatuma jeshi lichukue kazi hiyo. Ilikuwa baridi kali, yenye theluji na ukungu. Vijana wengi wa jeshi hawakuwa wamefundishwa kufuata vipimo. Katika wiki chache tu, zaidi ya kumi walikuwa wamekufa.

Ndipo wakubwa wa jeshi wakamkumbuka fundi wa vinanda. Walimpa miadi kwenye uwanja wa Newark. Siku ile ukungu ulifunika kila kitu, na maofisa walikuwa wamekata tamaa kwamba atafika. Kisha wakasikia mlio wa ndege. Link alikuwa amekuja peke yake akifuata vipimo, akatua mbele yao. Hapakuwa tena na haja ya maneno mengi. Jeshi liliagiza mashini sita.

Mwanafunzi aliingia ndani ya sanduku, akafunikwa asione kitu. Mwalimu alikaa inje kwenye meza, akimtumia sauti za redio masikioni. Wakati ule, mtambo wa redio karibu na uwanja ulituma alama mbili za Morse: A upande huu, N upande ule. Aliyekuwa katikati ya njia alisikia mlio mmoja usiokatika. Aliyepotoka alisikia A ao N peke yake. Alipopita juu ya mtambo, mlio ulikatika. Hapo alijua yuko wapi, akageuka, akahesabu dakika, akashuka mpaka kimo kilichowekwa. Kama alifika kwenye kimo hicho bila kuona pisti, alipaswa kupanda tena. Mezani, kifaa kidogo chenye magurudumu kilichora njia yake yote kwa wino. Aliyepotea njia aliona kosa lake kwenye karatasi, akaingia tena.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya wanajeshi 500,000 wa anga walipitia mashini za Link.

Baada ya vita Link aligeukia bahari, akatengeneza vyombo vya kushukia chini ya maji. Huko alipata pigo kubwa. Mwezi wa sita 1973, karibu na Florida, chombo alichokibuni kilinaswa katika mabaki ya meli iliyozama. Wawili kati ya wanne waliokuwa ndani walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wake mwenyewe. Link hakukimbia kazi. Alianza kutengeneza chombo cha kuokoa watu walionaswa chini ya maji. Alikufa Binghamton tarehe 7 mwezi wa kenda 1981, akiwa na miaka 77.

Leo kompyuta zimechukua fasi ya mivukuto, lakini somo halikubadilika. Ndani ya simuleta rubani anapewa ukungu, upepo wa kando, injini iliyozima na mlima mbele, mara kwa mara, mpaka mikono izoee. Na siku ndege inakaribia uwanja kisha inapanda tena ghafla, abiria wanashikwa na woga, wengine wanakasirika. Lakini mara nyingi hiyo si alama ya kushindwa. Rubani amefika kwenye kimo chake, hajaona pisti, na amefanya kile alichofundishwa.