Harry Ferguson: Kijana aliyetoroka shamba, akarudi na trekta

Mwezi wa Aprili nilipelekwa kwa mjomba, Njoro, karibu kwa lazima. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, kazi ya mjini haieleweki inaanzia wapi, na mama akaona afadhali nishike jembe kuliko kushinda nimeshika simu. Mjomba ana ekari tatu. Pia ana Massey Ferguson 135 ambayo ilikuwa kwa hiyo boma kabla mama hajaolewa. Rangi nyekundu imebaki kwa boneti pekee. Kwingine ni kutu na grisi. Kiti kimefunikwa kwa gunia. Betri yake imezeeka, kwa hivyo jioni inaegeshwa kwenye mteremko ili asubuhi iwashwe kwa kubingirika.

Mimi nilicheka. Mjomba hakucheka. Aliniambia nipande, akaiwasha, akanionyesha liva ndogo kando ya kiti na kuniambia niisukume kwa kidole. Plau nyuma yangu, chuma kizito ambacho mimi na binamu yangu hatungekiinua hata kwa maombi, ikaja juu polepole kama imeitwa. Nikaishusha. Nikaiinua tena. Nilicheza na hiyo liva hadi mjomba akakumbuka bei ya dizeli.

Usiku ndio nikaanza kumsoma huyu Ferguson, ambaye jina lake unalipita kila siku kutoka Nakuru hadi Kitale. Nilidhani ni jina la kampuni tu. Kumbe alikuwa mtu, tena mtu wa vituko, na alichukia kazi ya shamba kuniliko mimi.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kijiji cha Growell karibu na Dromore, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa wa nne kati ya watoto 11. Baba yake alikuwa mkulima mkali wa dini na wa kazi, na Harry akaacha shule akiwa na miaka 14 kumsaidia shambani. Hakuna kitu alipenda huko. Alikuwa mdogo wa mwili, mwembamba, na kazi ya kufuata farasi kwenye matope ya Ireland ilimchosha roho. Alikuwa amepanga kuhamia Canada, lakini mwaka wa 1902 kakake Joe, aliyekuwa na gereji ya baiskeli na magari mjini Belfast, akamchukua awe fundi. Akapona hapo hapo. Alisikiliza injini, akazipanga, akashindana kwa pikipiki na magari ili gereji ipate jina.

Halafu akataka kupaa. Mwaka wa 1909 alienda kuona maonyesho ya ndege, akarudi nyumbani akajenga yake mwenyewe. Tarehe 31 Desemba mwaka huo, Hillsborough, siku ya upepo, hiyo ndege iliinuka ikaenda kama mita 120 ikatua. Huyo ndiye mtu wa kwanza kupaa nchini Ireland, na alikuwa amejenga chombo chenyewe. Nasema hivi ili ujue ni mtu wa aina gani anakuja kushughulikia plau. Mwaka wa 1911 akaachana na gereji ya kaka na kuanzisha yake, na mwaka wa 1913 akamuoa Maureen Watson. Walipata binti mmoja.

Shamba lilimfuata lenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, na serikali ikataka kila kipande cha ardhi kilimwe. Ferguson alikuwa tayari anauza trekta za Marekani. Mwaka wa 1917 idara ya kilimo ya Ireland ikamwomba azunguke nchini na fundi wake, Willie Sands, wawasaidie wakulima kuzitumia vizuri. Ni katika hiyo safari ndipo alipoona kosa ambalo wenye viwanda vikubwa hawakuwa wameliona, au waliliona wakanyamaza.

Trekta za wakati huo zilikuwa farasi wa chuma tu. Plau ilikuwa na magurudumu yake, inavutwa nyuma kwa mnyororo au kwa chuma kimoja, vile mkokoteni huvutwa na punda. Ili isiteleze, ilibidi trekta iwe nzito sana, na kadiri ilivyokuwa nzito ndivyo ilivyoshindilia udongo, ikala mafuta na kushindwa kugeuka kwenye mashamba madogo ya Ireland yenye kuta za mawe kila upande. Hiyo ilikuwa hasara. Kulikuwa na jambo baya zaidi. Plau ikigonga jiwe au kisiki, inakwama, lakini magurudumu ya nyuma bado yanataka kwenda. Nguvu yote inarudi kwenye ekseli, pua ya trekta inapanda juu, na kabla dereva hajashuka mashine nzima imemwangukia mgongo chini. Fordson, trekta ya Henry Ford iliyokuwa imejaa kila mahali, ilijulikana kwa hilo. Watu walikufa.

Hapa nikiri kitu. Wiki yangu ya pili Njoro nilitumwa kung'oa kisiki cha mkangazi wakati mjomba ameenda sokoni. Nilifunga mnyororo juu, pale mkono wa tatu unashikilia, kwa sababu niliona hapo ndipo pana nguvu. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachilia klachi haraka. Kisiki hakikusonga. Kilichosonga ni magurudumu ya mbele, yakaachana na ardhi, na kwa sekunde moja niliona mawingu tu mbele yangu. Nilikanyaga klachi kwa uoga, si kwa akili, trekta ikarudi chini ikidunda. Binamu yangu hakusema kitu. Mjomba aliporudi aliona alama za matairi, akajua. Alinielekeza kwa fimbo pale mnyororo unafungwa, chini kabisa, chini ya ekseli, kisha akaenda kunywa chai peke yake. Kwa hivyo nikisoma kuhusu wale madereva wa 1917, sisomi kama historia.

Jibu la Ferguson lilimchukua miaka karibu ishirini, na ni jepesi mpaka linaudhi. Aliacha kuifanya plau kuwa mkokoteni. Akaifunga kwenye trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu katikati, ili plau na trekta ziwe mwili mmoja. Plau ikichimba, udongo unaivuta nyuma, na huo mvuto unausukuma mkono wa juu kwenda mbele, unaikandamiza pua ya trekta chini. Yaani kile kitu kilichokuwa kinaua dereva sasa kinamshikilia. Uzito wa plau na wa udongo unakalia magurudumu ya nyuma, kwa hivyo trekta ndogo nyepesi inavuta kama kubwa. Akaongeza pampu ya haidroliki inayosikia mkono wa juu ukibanwa: udongo ukiwa mgumu plau inajiinua kidogo, ukilainika inarudi chini. Ikigonga jiwe, uzito unatoka kwenye magurudumu, yanazunguka bure na trekta inasimama hapo hapo.

Baada ya miaka ya kujaribu na kusajili uvumbuzi wake, mwaka wa 1933 alijenga trekta moja ya kuonyesha watu, akaipaka rangi nyeusi. Mwaka wa 1936 David Brown, mtengenezaji wa gia kule Huddersfield, Uingereza, alianza kumtengenezea. Zilitoka kama 1,350 hivi. Brown alitaka trekta kubwa zaidi. Ferguson alikataa kabisa. Alikuwa jamaa mgumu, tusidanganyane. Alipenda usafi kupita kiasi, hakupenda kupingwa, na kila mtu aliyefanya biashara naye alichoka mapema au baadaye. Lakini kuhusu udogo alikuwa na sababu. Farasi wa mkulima mdogo walikuwa wanakula sehemu kubwa ya kile walicholima. Trekta isiyoweza kugeuka kwenye kona ya shamba la ekari chache haikuwa na faida kwake. Ndiyo maana maonyesho yake aliyafanya ndani ya kipande kilichozungushiwa kamba, kidogo kuliko kiwanja cha voliboli. Trekta inaingia, inalima hadi kwenye kona, inafuta alama zake, inatoka. Watu walikuwa wanakuja kucheka wanaondoka wakiuliza bei.

Oktoba 1938 akaipakia trekta moja kwenye meli hadi Marekani, nyumbani kwa Henry Ford pale Dearborn. Ford naye alikuwa mtoto wa mkulima, na baba yake alitoka Ireland. Ferguson akalima mbele yake. Mzee akaelewa mara moja, akataka kununua uvumbuzi wote. Ferguson akasema hauuzwi. Basi wakakubaliana kwamba Ford atatengeneza, Ferguson atabuni na kuuza. Wakapeana mikono. Hakuna wakili, hakuna karatasi, hakuna sahihi. Bilionea na fundi, wakiwa shambani, wanaamini salamu.

Na kwa miaka kadhaa ilifanya kazi. Trekta ya Ford 9N ilitoka 1939, na pamoja na ndugu yake 2N zikauzwa zaidi ya 300,000. Lakini mzee akazeeka, mjukuu wake Henry Ford wa Pili akachukua usukani, akatazama vitabu akaona kampuni inapoteza pesa kwa mkataba ambao haupo popote. Mwishoni mwa 1946 akamwarifu Ferguson kwamba safari inaisha mwaka unaofuata. Mzee Ford akafa Aprili 1947. Miezi michache baadaye ikatoka Ford 8N, ikiwa na mikono ile ile mitatu na haidroliki ile ile, na Ferguson hapati hata senti.

Akaenda kortini na kudai dola milioni 251. Ingekuwa mimi ningelia tu mtandaoni. Kesi ikavutana miaka minne, na Aprili 1952 wakamaliza kwa dola milioni 9.25. Ukigawanya na alichodai, ni kama ulidai elfu moja ukapewa thelathini na saba. Yeye alihesabu huo kuwa ushindi, kwa sababu Ford ililazimika kukiri kwamba kuna kitu cha kulipia.

Katikati ya hayo yote, alikuwa ameshapata kiwanda kingine. Pale Coventry, Uingereza, mtaa wa Banner Lane, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza injini za ndege za kivita, na vita vilipoisha kikabaki bila kazi. Kampuni ya Standard ikaanza kumtengenezea hapo mwaka wa 1946 trekta ndogo ya kijivu iitwayo TE20. Ilikuwa na uzito wa tani moja na kitu. Boliti zake nyingi zilikuwa za saizi mbili tu, na spana iliyokuja nayo ilikuwa na vipimo ubavuni, unaitumbukiza ndani ya tangi kujua mafuta yamebaki mangapi. Hadi 1956 zilikuwa zimetoka zaidi ya 517,000. Edmund Hillary, yule wa Everest, alizifunga minyororo kwenye magurudumu akafika nazo Ncha ya Kusini ya dunia Januari 1958. Na Ferguson mwenyewe, kwa kiburi chake, aliwahi kuendesha moja kuteremka ngazi za hoteli ya kifahari ya Claridge's, London.

Mwaka wa 1953 akaunganisha biashara yake na Massey-Harris ya Canada. Walipokuwa wanamalizia bei, wakatofautiana kwa dola milioni moja. Ferguson akapendekeza warushe sarafu. Wakarusha. Akashindwa. Mwaka uliofuata akajiuzulu, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye kampuni ambayo neno lake halikuwa la mwisho. Jina lake ndilo lililobaki: Massey-Harris-Ferguson, kisha Massey Ferguson.

Miaka yake ya mwisho aliiweka kwenye magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Hakuna kampuni kubwa iliyomsikiliza akiwa hai. Mwaka mmoja baada ya kifo chake gari la mashindano lenye mtambo huo lilishinda pale Oulton Park, dereva akiwa Stirling Moss. Yeye hakuona. Alikuwa anasumbuliwa na kukosa usingizi na huzuni nzito, na tarehe 25 Oktoba 1960 alifariki nyumbani kwake Abbotswood, akiwa na miaka 75, baada ya kuzidisha dawa za usingizi. Uchunguzi haukuamua kama ilikuwa ajali.

Leo sura yake iko kwenye noti ya pauni 20 ya benki moja ya Ireland Kaskazini. Huko kwao, na Uingereza pia, kuna watu wanaokusanya zile TE20 za kijivu, wanazipaka rangi, wanazipeleka kwenye mashindano ya kulima Jumamosi, na wenye vishamba vidogo bado wanazitumia kazini. Huku kwetu hatujafika kwenye kukusanya. Trekta ya mjomba ikikufa anaenda kutafuta spea Kirinyaga Road, na asipopata anachomelea.

Jirani yake upande wa juu ana Ford kuukuu ya buluu, lakini hana plau. Mvua ikikaribia anakuja kuazima ya mjomba. Nilimsaidia kuifunga wiki iliyopita: mikono miwili chini, mmoja juu, pini tatu. Iliingia bila kupigwa nyundo. Mjomba alisimama hapo na kikombe cha chai, akamkumbusha airudishe kabla ya Alhamisi.