Maisha ya Ibn Battuta na Kufika Kwake Kilwa

 

Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier katika nchi ya Maghrib mwezi wa Rajab mwaka 703 wa Hijra, nao ni 1304 wa miladi, katika ukoo wa makadhi. Mwaka 725 (1325), umri wake ni miaka 22, alitoka peke yake kwa nia ya Hija, bila ya rafiki wala msafara. Wazazi wake walikuwa hai wote wawili, na kuagana nao kulimwia uchungu mkubwa.

Safari haikumkatisha na elimu. Alipofika Damascus katika Ramadhani ya mwaka 726, alikaa darasani katika Jamii ya Bani Umayya, akaisikiliza Sahihi ya Bukhari yote kwa vikao 14, akapewa na ijaza. Tena alijiwekea sharti kutopita njia moja mara mbili awezapo, ili kila siku impe jambo jipya.

Mwaka 1331 pepo za kaskazi zilimleta pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini haukupita bure: aliiona misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara, na visima milangoni ambapo kila aingiaye huosha miguu kwanza. Kisha akafika Kilwa, akawakuta watu wake ni Shafi'i, wenye dini na wema. Yeye alikuwa Maliki, wala hilo halikumzuia kuwasifu.

Sultani wa Kilwa siku hizo alikuwa Hasan bin Sulaiman, aliyelakabiwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Alikula pamoja na mafakiri na kuwaheshimu masharifu. Siku ya Ijumaa Ibn Battuta alikuwapo, na Sultani ametoka msikitini kwenda kwake, ndipo fakiri mmoja wa Yaman akamkabili, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani hakumwambia arudi kesho, bali alirejea msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwachia zile. Watu walipomshukuru, mwanawe alizikomboa nguo kwa watumwa 10, kama ilivyokuwa ada ya zama zile; na Sultani akamwongezea fakiri watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Alipokufa, akatawala nduguye Daud. Kiti kilikuwa kile kile, lakini mwombaji aliambiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa, na wageni walikaa miezi mingi kwa kupewa kidogo.

Kukaa kwa Ibn Battuta Kilwa kulikuwa kufupi, maana mwenye kusafiri kwa chombo hufuata amri ya pepo. Akaondoka kwenda Dhofar. Baadaye alikuwa kadhi Delhi na visiwa vya Maldives, akafika hata China. Aliporudi Maghrib mwaka 1349, babaye alikuwa amekwisha kufa zamani, na mamaye alikuwa amefariki karibuni kwa tauni. Aliyeziona nchi nyingi hakuwahi kuuona tena uso wa mamaye, na siku ile ya kuagana ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Kwa amri ya Sultani Abu Inan alimsimulia Ibn Juzayy khabari zake, zikakamilika kuandikwa mwaka 756 (1355). Leo Msikiti Mkuu wa Kisiwani umebaki magofu, na jumba la Husuni Kubwa halina mtu. Lakini ile Ijumaa moja ingali yasomwa, kwa kuwa mmoja alitoa saa ile ile, na mwingine alitazama, akahifadhi.

Basi mwenye akili asafiri akiwa macho, asiahirishe kheri, na awaage wazazi wake vyema.