Mtemi Mirambo

Mirambo (takriban 1840 – 2 Desemba 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi aliyeanzisha dola la Urambo katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania ya leo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina alilojipatia vitani, na maana yake ni maiti. Kati ya mwaka 1871 na 1875 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora pamoja na washirika wao, akaifunga njia kuu ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika. Anakumbukwa hasa kwa jinsi alivyopanga jeshi lake na kwa mbinu yake ya kumwachia adui aingie kabla ya kumshambulia akiwa njiani kurudi.

Mazingira na nyakati zake

Katika karne ya 19 Unyamwezi ulikuwa na watemi wengi wadogo, kila mmoja akitawala eneo lake. Njia ya misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, kisha ikafika Tabora katika utemi wa Unyanyembe. Safari hiyo ya miguu ilichukua takriban miezi mitatu. Kutoka Tabora njia iligawanyika: moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda.

Watemi waliokuwa kando ya njia walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wagogo walijulikana sana kwa hilo, kwa sababu katika nchi yao kavu misafara haikuweza kuvuka bila kutumia visima vyao. Bidhaa kubwa ilikuwa pembe za ndovu, na watumwa pia waliuzwa. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, bunduki za gobore na baruti. Mtemi aliyepata bunduki nyingi aliweza kuwashinda jirani zake, na aliyekosa alikuwa hatarini kumezwa.

Waarabu wa Tabora walikuwa na nguvu ya kuingilia mambo ya utawala. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipotaka kuwatoza ushuru, walimwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele aliendelea kupigana akiwa porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Mirambo, aliyekuwa kijana wakati huo, aliona jinsi mtemi asiye na jeshi la kudumu anavyoweza kupoteza kiti chake.

Ujana na kuingia madarakani

Mirambo alikuwa mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, utemi mdogo ulioko magharibi ya Tabora. Alikua katika miaka ambayo Wangoni walioitwa Watuta walikuwa wakivamia Unyamwezi. Hao walikuwa sehemu ya watu waliotoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba na kutawanyika baada ya kifo chake. Masimulizi yanasema kwamba Mirambo alitekwa nao akiwa mdogo na kuishi kati yao. Kwa vyovyote, alijifunza kutoka kwao namna ya kupigana kwa vikosi vya vijana vyenye nidhamu, na kuwaingiza mateka katika jeshi badala ya kuwaua.

Alirithi utemi wa Uyowa takriban mwaka 1860. Baadaye aliuunganisha na Ulyankulu, na katika miaka ya 1860 aliendelea kuwashinda watemi wa jirani mmoja baada ya mwingine. Nchi aliyoikusanya ilikuja kuitwa Urambo kutokana na jina lake.

Jeshi na mpangilio wake

Nguvu ya Mirambo ilikuwa rugaruga, yaani wapiganaji wa kudumu ambao hawakurudi mashambani baada ya vita. Wengi walikuwa mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani na vijana waliopoteza ndugu zao katika uvamizi. Hawakuwa na ukoo wa kuwalinda, hivyo walimtegemea mtemi kwa chakula, nguo, silaha na sehemu ya nyara. Walitumia magobore, mikuki na pinde, na walijipamba kwa nguo nyekundu na nyara za vita ili kuwatisha maadui.

Mirambo aligawa kazi kulingana na umri. Kwa mapigano ya uwanjani aliwachagua vijana ambao hawajaoa, kwa sababu walikuwa wepesi wa miguu, wenye macho makali, na hawakuwa wakiwaza wake na watoto nyumbani. Watu wazima aliwaweka kulinda maboma, mahali ambapo subira na uthabiti vilihitajika kuliko mbio. Kwa njia hiyo aliweza kutoka na jeshi bila kuacha vijiji vyake wazi.

Maboma yenyewe yalizungukwa na ukuta wa magogo yaliyosimikwa ardhini, mara nyingi yakiimarishwa kwa udongo, na kuwa na matundu ya kupigia bunduki. Nje ya ukuta palikuwa na handaki, na kando yake msitu wa miombo na majani marefu yaliyoweza kuficha watu.

Mirambo aliongoza vita mwenyewe. Alisafiri haraka, mara nyingi usiku, na kushambulia alfajiri kabla ya habari zake kufika. Vijiji vilivyojisalimisha mapema vilihurumiwa. Vilivyokataa vilichomwa, mali ikagawanywa kwa askari na watu wakachukuliwa mateka. Mtemi aliyeshindwa aliondolewa, lakini aghalabu nafasi yake alipewa mtu mwingine wa ukoo uleule aliyekubali kumtii Mirambo.

Vita dhidi ya Tabora

Kufikia mwaka 1871 Mirambo alikuwa ameshika sehemu ya njia ya kwenda Ujiji. Alidai hongo kutoka kwa misafara, na ugomvi juu ya madeni ya pembe ulikuwa umeongezeka kati yake na wafanyabiashara. Alipouzuia msafara na kuurudisha, Waarabu waliamua kumshambulia. Jeshi lao, pamoja na watu wa Mkasiwa, lilikuwa na zaidi ya watu 2,000. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta David Livingstone, alijiunga nao pamoja na wapagazi wake wenye silaha.

Mwanzoni mwa Agosti 1871 jeshi hilo liliteka kijiji cha Zimbizo. Kisha Soud bin Sayd, kijana wa Kiarabu, aliongoza watu wapatao 500 kwenda kushambulia boma la Ulyankulu, ambalo Mirambo mwenyewe alikuwamo. Boma lilitekwa bila shida kubwa. Mirambo alikuwa ametoka upande wa pili pamoja na wapiganaji wake, akaacha ndani pembe za ndovu, nguo na mateka.

Washindi waliondoka wakiwa wamebeba nyara, na safu yao ikarefuka. Wakati huo Mirambo alikuwa amewazunguka na kuwaficha watu wake katika majani marefu kando ya njia ya kurudi Zimbizo. Walipofika katikati, rugaruga waliinuka pande zote mbili. Watu waliobeba mizigo hawakuweza kutumia bunduki zao kwa wakati. Soud na Waarabu wote waliokuwa naye waliuawa, na nyara zikarudi kwa mwenyewe.

Habari zilipofika Zimbizo, jeshi lililobaki lilivunjika. Kila kiongozi alikimbia na watu wake bila kungoja wengine, na Stanley pia alirudi nyuma. Muungano huo ulikuwa na watu na bunduki za kutosha, lakini haukuwa na amri moja. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliushambulia mji wa Tabora. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, alitoka kumkabili na kikundi kidogo, akauawa. Sehemu ya mji ilichomwa moto.

Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili kufika Ujiji, ambako alimkuta Livingstone mwezi Novemba 1871. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari, lakini hawakuweza kumshinda Mirambo. Biashara ya pembe ilipungua, na wakazi wa vijiji vya kati walioporwa na pande zote mbili waliumia zaidi. Mwaka 1875 Waarabu walikubali amani, na misafara ikaanza kupita tena kwa kumlipa Mirambo.

Utawala na mahusiano na wageni

Baada ya amani Mirambo alitaka biashara ya moja kwa moja na pwani bila kupitia Tabora. Mwezi Aprili 1876 alikutana na Stanley, aliyekuwa adui yake miaka mitano kabla, na wawili hao walichanjiana damu kuwa ndugu. Stanley, aliyetarajia kumwona jambazi mkali, alishangaa kukutana na mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu. Katika maandishi yake alimlinganisha na Napoleon Bonaparte wa Ufaransa.

Mirambo alimtumia mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, kupeleka pembe pwani. Mwaka 1879 alimpokea daktari Ebenezer Southon wa Shirika la Misheni la London, aliyejenga kituo Urambo na kuacha maelezo mengi juu ya mtemi na watu wake. Mirambo alimheshimu daktari huyo, ingawa mwenyewe hakubatizwa. Southon alifariki mwaka 1882 baada ya kujeruhiwa kwa risasi kwa bahati mbaya.

Makao ya Mirambo yalikuwa boma kubwa lenye maelfu ya wakazi. Kwa Kinyamwezi makao ya mtemi huitwa kwikulu, na neno ikulu la Kiswahili cha leo limetokana na asili hiyo. Kwa upande wa magharibi dola lake lilifika Uvinza, penye visima vya chumvi na vivuko vya mto Malagarasi.

Mwezi Juni 1880 majeshi ya Mirambo na mshirika wake yalishambulia kijiji kimoja huko Pimbwe. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakitumikia shirika la mfalme Leopold II wa Ubelgiji, waliuawa humo. Tukio hilo liliharibu uhusiano wake na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, aliyekuwa ameanza kumwona kama kiongozi wa kushirikiana naye. Mirambo alijitahidi kujieleza, lakini imani ya awali haikurudi.

Kifo na kuvunjika kwa dola

Katika miaka yake ya mwisho Mirambo alisumbuliwa na ugonjwa wa koo. Aliendelea kwenda vitani hata alipokuwa dhaifu, kwa kuwa rugaruga waliishi kwa nyara na walihitaji kuongozwa. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, wakati jeshi lake likiwa katika vita upande wa kaskazini, karibu na Kahama.

Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini hakuweza kuwashika watemi waliotiishwa. Wengi walijitenga mara moja. Mpandashalo aliuawa vitani karibu mwaka 1890, na Wajerumani walipoimarisha utawala wao Tabora, Urambo ulikuwa umerudi kuwa utemi mdogo.

Wanahistoria hulinganisha dola hilo na lile la Nyungu ya Mawe, aliyetawala Ukimbu, kati ya Unyamwezi na Ugogo, na aliyefariki mwezi uleule wa Desemba 1884. Nyungu aliwaondoa watawala wa zamani na kuweka maofisa wake, kila mmoja akiwa na eneo linaloeleweka. Dola lake lilibaki chini ya binti yake Mgalula hadi Wajerumani walipoingia. Mirambo alijenga jeshi lililofuata amri moja, lakini katika utawala aliacha kila utemi na ukoo wake, ukiunganishwa na wengine kwa utii kwake tu. Alipokufa yeye, kiungo hicho kilikatika.

Kumbukumbu

Katika historia ya Tanzania Mirambo hutajwa pamoja na Mkwawa wa Wahehe na Isike wa Unyanyembe, ingawa alifariki kabla ya ukoloni wa Kijerumani kufika bara. Wengine humwona kama mtetezi wa watu wa bara dhidi ya wafanyabiashara wa pwani. Wengine hukumbusha kwamba yeye pia aliteka watu na kuchoma vijiji, na kwamba waliopigana upande wa Tabora walikuwa Wanyamwezi wengi kuliko Waarabu.

Jina lake limebaki katika wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Urambo ulichaguliwa pamoja na Kongwa mkoani Dodoma na Nachingwea kuwa sehemu za mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, mradi ulioshindwa. Kambi ya jeshi ya Mirambo na Shule ya Sekondari Milambo, zote mjini Tabora, zimepewa jina lake, na mitaa katika miji mbalimbali ya Tanzania pia inaitwa kwa jina hilo.