Vivien Thomas: Fundi aliyewafungulia njia watoto wenye ugonjwa wa moyo

Je, umewahi kuona mtoto ambaye midomo na ulimi wake hugeuka bluu anaponyonya au kulia? Zamani, wengi wa watoto hao walikufa wakiwa wadogo. Mfahamu mtu aliyesaidia kubadili hali hiyo, ingawa hakuwa daktari.

Vivien Thomas alizaliwa mwaka 1910 Louisiana, Marekani, akakulia Nashville. Alikuwa seremala, akiweka akiba ili asomee udaktari. Kisha uchumi ukaporomoka. Mwaka 1930 alipata kazi katika maabara ya daktari wa upasuaji, Alfred Blalock; baadaye benki ikafilisika na akiba yake ikapotea. Kwa sababu alikuwa mtu mweusi, aliandikwa na kulipwa kama mfanya usafi, huku akifanya kazi ya utafiti.

Mwaka 1941 wote wawili walihamia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Huko, Dk. Helen Taussig alikuwa akihudumia watoto waliozaliwa na tundu ndani ya moyo na njia iliyobana ya kupeleka damu mapafuni. Damu yao ilikosa oksijeni ya kutosha. Aliuliza kama damu zaidi ingeweza kufikishwa mapafuni.

Thomas alifanya majaribio kwa mbwa, tena na tena, hadi akaimudu njia hiyo. Tarehe 29 Novemba 1944, mtoto wa kike wa miezi 15 alipasuliwa, na mshipa upelekao damu mkononi ukaunganishwa na mshipa wa mapafu. Thomas alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Mtoto yule aliishi miezi michache tu, lakini baada yake maelfu walipona kiasi cha kucheza na kwenda shule.

Ripoti ya kwanza, mwaka 1945, haikuwa na jina la Thomas miongoni mwa waandishi. Mwaka 1976 chuo kikuu kilimpa shahada ya heshima. Alifariki mwaka 1985.

Mzazi, kasoro ya moyo ya kuzaliwa si laana wala kosa la mama. Mtazame mtoto wako ulimi na fizi. Akiwa wa bluu, akipumua haraka, akitoka jasho na kuchoka anaponyonya, au asipoongezeka uzito, mpeleke kituo cha afya mapema. Omba asikilizwe moyo, na uulize kuhusu rufaa.